Nani Mlinzi wa Sheria ya Kazi?

Sheria nyingi njema zimekwisha kuandikwa ulimwenguni kwa ajili ya kumtetea mtu wa kazi. Zasema afanye kazi saa ngapi, apumzike siku gani, alipwe lini, na alindwe namna gani na mashine, moto na sumu. Mtu azisomaye mezani pake aweza kudhani kwamba shida ya wafanyakazi imekoma. Lakini mwulize kibarua wa shambani, au mlinzi wa usiku, au mpishi wa mkahawa, kama sheria hizo amepata kuziona zikitimizwa pale alipo. Wengi watakujibu kwa kicheko, tena kicheko kisicho na furaha. Sheria ipo, anayeiangalia isivunjwe ndiye haonekani.

Basi leo twataka kuuliza swali ambalo si jipya, lakini halijapata jibu la kutosha. Sheria ya kazi ikisha kuandikwa, ni nani mwenye wajibu wa kuilinda? Je, ni Serikali peke yake? Au yafaa mfanyakazi mwenyewe apewe mamlaka na sheria, si ya kunung'unika tu, bali ya kukagua, ya kuuliza, na ya kumwita mwajiri mbele ya hakimu pale sheria inapovunjwa? Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la mawakili. Sisi twaona ni swali la dhamiri, nalo laingia hata ndani ya nyumba zetu, kama tutakavyoonyesha kabla ya kumaliza.

Mwaka wa 1833 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya viwanda vya nguo, ili kupunguza kazi ngumu waliyofanyishwa watoto. Ndani yake mlikuwa na jambo jipya: wakaguzi wa Serikali wenye ruhusa ya kuingia kiwandani na kuuliza. Wakaguzi hao walikuwa 4 tu kwa viwanda vyote. Haihitaji hesabu ndefu kujua matokeo yake. Mkaguzi hufika siku moja, akaandika, akaenda zake. Nao mwaka una siku 365. Siku anayokuja, sakafu imefagiwa na daftari limenyoshwa. Siku asiyokuja ndizo siku za kweli.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wakaguzi. Hata leo, katika nchi nyingi, hao ni watu wachache wenye kazi kubwa na nauli ndogo. Kosa si uvivu wao. Kosa ni kutazamia kwamba macho machache, tena yatokayo nje, yataona yale yanayotendeka ndani kila siku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayejua kwamba saa za ziada hazilipwi ni yule aliyezifanya. Anayejua kwamba kinga ya mashine imeng'olewa ni yule ambaye mkono wake u karibu na mashine. Huyo ndiye shahidi wa kwanza, naye yupo kila siku bila nauli. Tukimnyima sauti, tumelifumba jicho lililo karibu kuliko yote.

Waingereza wenyewe walilitambua jambo hili katika machimbo ya makaa ya mawe. Mchimbaji alilipwa kwa uzito wa makaa aliyotoa. Yeye alikuwa chini ya ardhi, lakini mizani ilikuwa juu, nayo ilikuwa mali ya bwana wake, na mpimaji alikuwa mtu wa bwana wake. Kigari kikisemwa kina mawe ndani yake, au hakikujaa, mchimbaji hakuwa na la kujibu, hakuwapo. Wakulima wetu wa pamba wa Kanda ya Ziwa wataielewa habari hii upesi, maana malalamiko juu ya mizani ya wanunuzi yalikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya waunde vyama vyao vya ushirika katika miaka ya 1950.

Mwaka wa 1860 sheria ikawaruhusu wachimbaji kumchagua mpimaji wao, kumlipa wenyewe, na kumsimamisha kando ya mizani ili aone. Tutazame vizuri sheria hiyo ilisema nini na haikusema nini. Haikusema kwamba mabwana wote ni wezi. Haikumpa mchimbaji mizani iwe mali yake. Ilisema jambo moja tu: anayelipwa kwa mizani ana haki ya kuiona. Hata hivyo wenye machimbo wengine walikasirika, wapimaji wengine wakafukuzwa, na Bunge likalazimika kuirudia sheria hiyo katika 1872 na tena katika 1887 ili kuipa nguvu. Ndivyo ilivyo siku zote: haki ya kuona haitoshi ikiwa mwenye kuona aweza kutolewa nje kesho yake.

Hapa tutasikia neno la ndugu zetu wengine. Watasema: Mtumishi anayemshitaki bwana wake amekosa adabu, sisi tumelelewa kuwatii wakubwa. Neno hili si la kutupwa. Mahali pasipo utii hapana kazi inayokwenda, na mfanyakazi mvivu ajifichaye nyuma ya sheria huwaaibisha wenzake. Lakini yatupasa kupambanua. Mfanyakazi humtii mwajiri katika kazi. Hakumkabidhi sheria ya nchi aifanye apendavyo. Sheria iko juu ya wote wawili. Asemaye kwa upole, "Bwana, saa hizi zimepita zile za sheria," hamwamuru bwana wake. Amwonyesha amri ambayo bwana naye amefungwa nayo.

Tena, anyamazaye hajidhulumu peke yake. Ujira wa mmoja ukipunjwa bila neno, kesho watapunjwa wawili, na kesho kutwa ndiyo desturi ya mahali. Wala si wafanyakazi tu wanaoumizwa. Yuko mwajiri mwaminifu wa ng'ambo ya barabara, alipaye sawasawa, akatoa michango ya uzeeni, akanunua kofia na glavu. Bidhaa yake ni ghali kuliko ya jirani yake avunjaye sheria, naye mwisho hufunga duka. Sheria isiyolindwa humwadhibu mwema na kumpa tuzo mwovu. Kwa hiyo mfanyakazi aisimamiaye sheria kwa kweli humtetea pia mwajiri mwema.

Wazo hili limekwenda mbali zaidi katika siku zetu. Katika jimbo la California la Marekani, wabunge walikiri kwamba idara za kazi hazina watu wa kutosha kulingana na wingi wa wafanyakazi. Kwa hiyo mwaka wa 2003 wakatunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 1, 2004, inayomfanya mfanyakazi asimame mahali pa Serikali mbele ya mahakama. Mfanyakazi aliyeona sheria ya kazi inavunjwa hupeleka kwanza taarifa kwa idara ya Serikali na kwa mwajiri. Idara yaweza kulichukua shauri. Isipolichukua, zikipita siku 65 mfanyakazi aweza kulifikisha mahakamani yeye mwenyewe, kwa ajili yake na kwa ajili ya wenzake, akidai faini ambazo Serikali ingezidai. Na faini hiyo haimwendei yeye peke yake. Hapo kwanza sehemu 75 katika 100 zilikuwa za Serikali, na 25 za wafanyakazi walioonewa. Tangu marekebisho ya 2024 Serikali hupata 65 na wafanyakazi 35.

Twaona hapa jambo la kufikirisha. Mtu huyu hadai deni lake tu. Anabeba shauri la watu wote, wakiwamo wenzake walioogopa kufungua kinywa. Ndiyo maana mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba mwajiri hawezi kumlazimisha mfanyakazi, siku ya kuandikwa kazi, atie sahihi ya kuliacha kabisa shauri la namna hiyo. Mwaka wa 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipunguza sehemu ya hukumu hiyo, lakini shina lake halikung'olewa. Nalo shina ni hili: mtu aweza kusamehe kilicho chake, lakini hawezi kuuza kwa sahihi yake kilicho cha wote.

Je, nguvu hii haina hatari? La hasha, inazo, na asiyezitaja hasemi kweli. Uingereza ya kale ilimruhusu mtu yeyote kuwashitaki wavunja sheria kwa niaba ya mfalme na kupewa sehemu ya faini. Kukatokea wachongezi wa kazi, watu ambao hawakuumizwa na lolote bali walitafuta makosa ya jirani ili wapate fedha. Mwaka wa 1951 Bunge likaifuta desturi hiyo. Kule California nako waajiri walilalamika kwamba kosa dogo katika karatasi ya mshahara lilizaa faini kubwa, na kwamba mawakili walivuna kuliko wafanyakazi. Mwaka wa 2024 walikuwa tayari kuwaomba wananchi waifute sheria yote kwa kura. Kabla ya kura, pande mbili zikapatana: ashitakiye awe ameumizwa mwenyewe na makosa anayoyataja, mwajiri aliyejikagua kwa moyo mweupe na kutengeneza makosa yake apunguziwe sana faini, na wafanyakazi wapate sehemu kubwa zaidi kuliko zamani.

Mapatano hayo yatufundisha mipaka ya nguvu hii. Mwenye kuitumia awe ndiye aliyeonewa, si mpita njia. Mwajiri aambiwe kwanza, apewe nafasi ya kujirekebisha. Na anayesema uongo kwa kusudi asipate faida ya uongo wake. Mashitaka yenye mipaka hii si kisasi. Kisasi hutaka mwenzako aumie. Haki hutaka alichokivunja kitengenezwe.

Kanisa nalo lina neno juu ya jambo hili, wala si neno la jana. Mwaka wa 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII aliandika juu ya hali ya wafanyakazi. Alipofika katika mambo ya saa za kazi, ujira na afya, hakutaka Serikali iingilie kila kitu. Alishauri mambo hayo yaangaliwe kwanza na vyama na mabaraza ya wahusika wenyewe, na Serikali iyape ulinzi na nguvu pale inapohitajika. Miaka 40 baadaye, katika 1931, Pius XI alifundisha kwamba ni kosa kuwanyang'anya watu wa chini kazi wanayoweza kuitimiza wenyewe na kuipandisha kwa walio juu. Basi kama mfanyakazi aweza kuilinda sheria pale alipo, kumwambia "kaa kimya, ungoje ofisi" si utaratibu mwema.

Nasi tuliofundishwa katekisimu tangu utoto twajua kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni mojawapo ya dhambi zinazomlilia Mungu. Mtume Yakobo aonyesha kwamba ujira wenyewe, ukizuiliwa, unalia. Ikiwa ujira walia, kwa nini mwenye ujira afungwe kinywa?

Tugeukie sasa nchi yetu. Mwaka wa 1964 Tanganyika ilitunga sheria ya kumlinda mfanyakazi asiachishwe kazi ovyo. Ilianzisha Kamati za Wafanyakazi katika mahali pa kazi, na mwajiri hakuweza tena kumwadhibu mtu kwa kosa la kazi bila kuisikiliza Kamati. Hilo lilikuwa tendo jema. Mtu aliyekuwa akifukuzwa kwa kidole tu sasa alikuwa na wenzake wa kumsemea. Lakini mwaka huohuo vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, kikaundwa kimoja tu, yaani NUTA, na Katibu Mkuu wake, Bwana Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Tena mashauri ya kuachishwa kazi yaliondolewa katika mahakama za kawaida; yalikwenda katika Baraza la Usuluhishi, na neno la mwisho lilikuwa la Waziri. Hatumshitaki mtu yeyote. Twasema tu kwamba mfanyakazi akiwa na malalamiko juu ya Serikali yenyewe, au juu ya shirika lake, hakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Nguvu aliyopewa mfanyakazi na mkono wa mwingine yaweza kushikwa na mkono huohuo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imekwenda mbele. Yawapa wawakilishi wa chama cha wafanyakazi kazini wajibu wa kuangalia kama mwajiri anafuata sheria za kazi, na wa kuwasimamia wenzao mkaguzi anapofanya uchunguzi. Tena wapewe muda wa kufanya hivyo bila kukatwa mshahara. Yakataza pia kumfukuza mtu kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria. Na mwenye shauri aweza kulipeleka katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 kwa aliyeachishwa isivyo haki, siku 60 kwa madai mengine. Afadhali kila mfanyakazi azishike siku hizo kichwani, maana wengi hufika wakati mlango umekwisha kufungwa.

Hata hivyo pengo li wazi. Mwakilishi aonaye sheria inavunjwa aweza kusema. Lakini amri ya kumtaka mwajiri atimize sheria hutolewa na Afisa Kazi. Afisa akikawia, je, mwakilishi afanyeje? Twaona ingefaa sheria iweke siku zinazojulikana za kujibu taarifa ya wafanyakazi, na zikipita bila jibu, wawakilishi waruhusiwe kulipeleka jambo mbele wao wenyewe, kwa ajili ya wote. Hapo Serikali haipotezi heshima yake. Imepata wasaidizi.

Lakini mahali pasipo chama hapana mwakilishi. Na mahali pa namna hiyo tusipatafute mbali. Katika nyumba nyingi za Kikristo yumo binti aliyetoka kijijini, aamkaye kabla ya wote na kulala baada ya wote. Apika, afua, abeba mtoto mgongoni. Twamwita mwanetu, na pengine twampenda kweli. Lakini sheria hiyohiyo ya 2004 yamhesabu kuwa mfanyakazi. Saa zake za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma; kila juma apate mapumziko ya saa 24 mfululizo; kila mwaka apate likizo ya siku 28 yenye malipo. Yataka apewe masharti ya kazi kwa maandishi. Yataka tena kila mwajiri abandike haki za mfanyakazi mahali panapoonekana wazi. Ni nyumba ngapi kati yetu zimebandika karatasi hiyo jikoni?

Mkaguzi haji jikoni kwetu. Kamati haimo humo. Binti huyo ana umri mdogo, hana nauli ya kurudi kwao, na hakimu wake wa kwanza na wa mwisho ni mama mwenye nyumba. Nguvu yote ya kisheria tuliyoizungumza hapa humfikia ikiwa dhaifu kabisa, isipokuwa sisi tuifikishe. Si haki kudai viwanda vimsikilize mfanyakazi, na huku nyumbani kwetu asemaye "nimechoka" aitwe mkaidi. Wala wema wetu hautoshi kuwa kisingizio. Mwenye machimbo aliyepima kwa haki hakupoteza kitu mpimaji wa wachimbaji aliposimama kando ya mizani.

Kwa hiyo twawaomba baba na mama wa kila nyumba yenye mtumishi: kabla ya kulipa mshahara wa mwezi huu, keti naye mezani. Msomee saa zake, mapumziko yake, likizo yake na ujira wake, kama hajui kusoma. Kama ajua, mpe asome mwenyewe. Mweleze pia ni ofisi gani aweza kwenda ikiwa siku moja wewe mwenyewe utamkosea. Maneno hayo ya mwisho ndiyo magumu kuyatamka. Yatamke.